Hazina ya Tope la Gazi

Msikilizaji, wengi wanaopita Gazi, kaunti ya Kwale, huitazama mikoko wakaona boriti na kuni. Hazina kubwa zaidi imo chini. Chimba kidogo kwa mkono, utatoa tope jeusi linalonuka kama mayai viza. Harufu hiyo ni dalili kwamba humo hamna oksijeni. Vijidudu vinavyoozesha mizizi na majani hufanya kazi polepole mno, na kaboni ambayo mti uliivuta kutoka hewani hubaki imefukiwa kwa karne nyingi. Mikoko ikikatwa na tope likafukuliwa, hewa huingia na kaboni hiyo hurudi angani.

Tangu 2013, wanakijiji wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 za mikoko na kufanya biashara ya kaboni, yaani hulipwa kwa kaboni inayobaki imefukiwa. Mapato yamesaidia huduma za maji na shule. Ni haki yao: aliyeacha kukata boriti amejinyima kipato. Ila kampuni inayonunua kaboni hiyo isijione imepata ruhusa ya kuendelea kufukiza moshi vilevile.

Kupanda nako kuna elimu yake. Aina ya mkoko iitwayo mlilana huvumilia maji upande wa bahari. Mkandaa, aina nyingine, hutaka kukaa ndani zaidi, karibu na nchi kavu. Miche ikiwekwa chini mno ufukweni, maji huifunika kwa saa nyingi ikafa, hata ikiwa maelfu. Wanaoandaa sherehe za kupanda mikoko wapime kwanza maji yanafika wapi wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, na wawaulize wavuvi wa hapo.