Miaka Sitini na Mizinga ya Inyonga

Sheria ya utumishi wa umma ya Tanzania humruhusu mtumishi kustaafu kwa hiari atimizapo miaka 55, na humlazimu atimizapo 60. Na aghalabu mwalimu au karani aliyedamka miaka thelathini kuifuata kengele ya kazi huingiwa na hofu, si ya riziki peke yake, bali ya asubuhi isiyo na mtu anayemngojea. Hofu hiyo ni ya haki, wala asiionee haya.

Lakini misitu ya miombo iliyotanda Inyonga, mkoani Katavi, ina sifa ya asali tangu zamani, na ufugaji wa nyuki, nathubutu kusema, umeumbwa kwa mtu mzima mwenye subira: mzinga hutaka jicho la taratibu kuliko nguvu za ujana, utundikwe karibu na maji na maua, uhifadhiwe dhidi ya siafu na moto wa kiangazi, na wakati wa kurina nyuki waachiwe sehemu ya masega, nayo nta, ambayo wengine huitupa, ina thamani yake. Wala kurejea shambani baada ya kustaafu si jambo geni: Mwalimu Nyerere naye, alipong'atuka urais mwaka 1985, alirejea kijijini kwake Butiama akalima.

Basi wewe uliyebakiza miaka michache, anza ungali kazini, kwa mizinga miwili mitatu, kabla kiinua mgongo hakijafika mkononi. Na kesho, inshallah, mwendee afisa nyuki wa halmashauri yako, umwulize maua ya miombo huchanua lini.