Mikono Midogo Isikae Bure: Mazungumzo na Wazazi na Walezi wa Kata ya Ihumwa

(Haya ni maandishi ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri na wazazi na walezi wa watoto wadogo katika Kata ya Ihumwa.)



Ninawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja kunisikiliza. Kwa kawaida mimi hufika hapa na kamera, nikipiga picha za barabara, madarasa na miradi ya maji. Leo nimeombwa nizungumzie jambo lisilokatiwa utepe: mtoto wa mwaka 1 hadi 5 anafanya nini nyumbani tangu asubuhi hadi jioni?

Swali hili lina uzito wake hapa Ihumwa. Kata yetu imebadilika. Mji wa Serikali wa Mtumba u jirani nasi, barabara kuu ya kwenda Morogoro haipumziki kwa magari ya mizigo, na nyumba mpya zinajengwa kila upande, pamoja na malundo ya kokoto na mashimo yaliyo wazi. Mama aliyekuwa akipalilia karanga huku mwanawe amelala kivulini, leo anaondoka alfajiri kwenda kuwauzia mafundi chai na chapati. Mtoto anabaki. Akikosa shughuli, atajitafutia. Na shughuli anayojitafutia mtoto wa miaka 3 yaweza kuwa ndoo ya maji, kiberiti au barabara.

Nami si mwalimu aliyefaulu somo hili tangu mwanzo. Binti yangu alipokuwa na miaka 3, nilikuwa nikirudi kazini nimechoka, nikampa simu ili nipate kupika. Alitulia, nami nikajiona mlezi hodari. Siku moja mama yangu mzazi alikuja kututembelea, akamwambia mjukuu wake afunge vifungo vya gauni lake. Mtoto hakuweza. Kidole kimoja kilijua kutelezesha kioo cha simu, lakini vidole kumi havikujua kufunga kifungo. Mama hakunigombeza. Aliomba ungo na maharage, akamketisha mjukuu wake, wakaanza kuchambua. Hadi chakula kinaiva, nilikuwa nimesikia maswali mengi kuliko niliyoyasikia wiki nzima: kwa nini hili lina tundu, mdudu amekwenda wapi, hili jekundu mama yake nani.

Ndugu zangu, maswali yale ndiyo ujifunzaji wenyewe. Wataalamu wanatueleza kwamba mtoto anapotimiza miaka 3, ubongo wake huwa umefikia takribani asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Hukua kwa lishe na afya, na pia kwa kushika, kusikia, kuzungumzishwa na kujaribu. Ndiyo maana Serikali yetu, katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyoanza mwaka 2021, imeweka mambo matano pamoja: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na fursa za ujifunzaji wa awali. Fursa hiyo ya mwisho haihitaji mwanasesere wa dukani. Vifaa vyake viko jikoni na uani kwetu.

Tuanze na mtoto wa mwaka 1 hadi 2. Huyu anapenda kutia na kutoa, kufunika na kufunua. Mpe sufuria tupu, mwiko, na mabakuli ya plastiki ya ukubwa mbalimbali. Atayapanga, atayaangusha, atayapanga tena. Ficha kijiko chini ya kanga mbele ya macho yake, kisha umwulize kimekwenda wapi. Chukua chupa ndogo, tia mtama kidogo, funga kizibo kwa nguvu na ukizungushie gundi ya karatasi. Amepata kayamba lake. Unapomwogesha, taja kila kiungo: hili sikio, huu mguu. Hilo halikuongezei dakika hata moja ya kazi.

Mtoto wa miaka 2 hadi 3 anataka kufanya kile unachokifanya wewe. Usimfukuze, mpe sehemu yake. Unapofua, mpe beseni lenye maji kidogo na leso yake aifue, naye awe mbele ya macho yako. Unapoanua nguo, atenge za baba na za mtoto. Apange viatu vya nyumba nzima, kila kiatu na mwenzake. Kanda udongo wa kichuguu kwa maji, umwachie afinyange ng'ombe, chungu na chapati. Udongo utamchafua, na sabuni itamsafisha. Lakini vidole vinavyofinyanga leo ndivyo vitakavyoshika penseli kesho.

Kwa mtoto wa miaka 4 hadi 5, changanya kunde, choroko na mahindi katika sinia, naye atenge kila mbegu katika bakuli lake, kisha azihesabu. Wazee wetu wa bao wanajua hesabu hii: mchimbie mashimo machache ardhini, asambaze kete moja moja, na kujumlisha kutamwingia bila kiboko. Sawazisha mchanga uani, achore kwa kijiti herufi ya kwanza ya jina lake. Akikosea, mkono unafuta na ubao ni mpya. Mshonee mpira wa matambara. Mruhusu aruke kamba na acheze kombolela na wenzake mahali pasipo na magari. Jioni, babu au bibi atege kitendawili au asimulie hadithi, kisha mtoto naye asimulie upya kwa maneno yake. Ikiwa nyumbani mnazungumza Kigogo, simulieni kwa Kigogo bila wasiwasi. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha ya mama huenda darasa la awali akiwa na mtaji.

Sasa niseme juu ya usalama, kwa maana mchezo usio na tahadhari unaweza kugeuka msiba. Mtoto wa chini ya miaka 3 asiachiwe karanga, mbegu, vizibo vya soda wala betri ndogo, kwa kuwa vinaweza kumkaba au kumdhuru vikimezwa. Chupa ya kayamba ikaguliwe kila siku. Beseni limwagwe maji mara mchezo unapokwisha, kwani mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji machache sana. Mafiga, dawa, mafuta ya taa na sumu za mazao viwe mbali naye. Mwenye kujenga afunike shimo lake. Mtoto anayetumbukia si lazima awe wa kwake.

Kuhusu simu na televisheni, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa mwaka 1 haishauriwi awekwe mbele ya kioo, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huohuo unashauri watoto wa mwaka 1 hadi 4 wapate angalau dakika 180 za kujongea kila siku. Mtoto anayecheza uani anazipata bila mtu kumhesabia.

Nimeliweka jambo zito mwishoni kwa makusudi. Shughuli hizi zote hazichukui nafasi ya mlezi. Wapo kati yetu wanaomwacha mtoto wa miaka 2 chini ya uangalizi wa dada yake wa miaka 8 au 9. Ninaelewa kwa nini. Siku isiyo na kazi haina chakula. Lakini siku hiyo tunawapoteza wawili: mdogo hana mtu wa kumwokoa penye hatari, na mkubwa hayuko darasani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi kuwalinda na kuwasomesha wote wawili. Kwa hiyo ninawaomba tuzungumze mtaa kwa mtaa. Kina mama watatu au wanne wenye zamu tofauti za kazi wanaweza kupokezana. Bibi mwenye nguvu anaweza kukaa na watoto wachache kwa makubaliano. Anayetaka kufungua kituo cha kulelea watoto wadogo mchana amwone Afisa Ustawi wa Jamii, aelekezwe namna ya kukisajili. Na mzazi anayetafuta kituo aulize kwanza kama kimesajiliwa.

Mtoto akifikia umri wa darasa la awali, mwandikisheni katika shule ya msingi ya karibu. Mkiona mwana ana miaka 2 naye hatembei, haitiki au hasemi neno lolote, msingoje. Mpelekeni kliniki pamoja na kadi yake. Na yeyote anayejua mtoto anayeteswa au kutelekezwa apige namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo, au amweleze Mtendaji wa Mtaa.

Ndugu wazazi na walezi, sikuja kuwaongezea mzigo. Nimekuja kuwaomba jambo moja: leo jioni, kabla ya kuinjika ugali, mwekeni mtoto karibu, mpeni ungo na konzi moja ya maharage, kisha msikilizeni anachouliza. Binti yangu sasa anafunga vifungo vyake mwenyewe. Anachelewa, navyo vingine hukaa upande. Nami nimejifunza kumsubiri.