Hifadhi ya Mashine ya Kupozea Inayokaa Nje

(Maelezo yaliyotolewa na Mkaguzi wa Vyama katika mkutano wa makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi vya wafugaji, Mkoa wa Tanga.)



Nimepewa nafasi hii niseme juu ya mali moja ya thamani kubwa katika vyama vyetu vya maziwa, ambayo huwekwa nyuma ya jengo, mahali ambapo kamati hupita kwa nadra. Nayo ni ile mashine ya nje, yenye feni, iliyounganishwa na tangi la kupozea maziwa kwa mabomba ya shaba. Kiyoyozi cha ofisini nacho kina mashine ya namna hiyo, na mengi nitakayoyasema yanaihusu pia.

Yafaa kwanza tufahamu kazi yake. Tangi halitengenezi baridi, linaondoa joto. Maziwa yakitoka kiweleni yana joto la nyuzi 37 hivi za sentigredi, nayo hayana budi kushushwa hadi nyuzi 4 ili yasichachuke kabla ya gari la kiwanda kufika. Joto hilo hubebwa na gesi iliyomo mabombani hadi nje, na huko feni huvuta hewa ipite kati ya vibati vyembamba vya alumini, ikalichukua joto na kulitupa. Basi mashine hii huishi kwa hewa. Hewa ikizibwa, joto hukosa pa kwenda, kompresa hulemewa, gharama ya umeme hupanda, mashine hujizima mara kwa mara, na mwisho kompresa huungua.

Katika ukaguzi wa chama kimoja, ambacho sitakitaja, nilisoma katika daftari la mihutasari kwamba mpokea maziwa alipunguziwa mshahara kwa kosa la kuzima mashine mchana. Maziwa ya siku kadhaa yalikuwa yamekataliwa kiwandani, wanachama hawakulipwa, na baadhi yao walikwisha anza kuwauzia wachuuzi wa baiskeli. Mpokea maziwa alikana kabisa. Tulipokwenda nyuma ya jengo, tuliona kwamba kamati, baada ya waya kuibiwa, ilikuwa imeijengea mashine kijumba: matofali pande tatu, bati juu, na mlango wa mbao mbele. Feni ilikuwa ikivuta tena hewa ile ile ya moto iliyokwisha itupa. Kila jua lilipopanda, mashine ilijizima yenyewe. Mlango ulipoachwa wazi na bati kuondolewa, ilifanya kazi mchana kutwa. Kuta mbili zilibomolewa, na mahali pake pakawekwa wavu wa chuma. Mkutano mkuu uliamua mpokea maziwa arudishiwe fedha zake. Lakini hasara ya maziwa waliibeba wanachama.

Ndugu wajumbe, kamati ile ilikuwa na nia njema. Ilichokosa ni kufahamu kwamba kuhifadhi mashine hii si kuifungia. Mashine imeundwa kustahimili mvua. Haikuundwa kustahimili kukosa pumzi. Kwa hiyo nashauri mambo yafuatayo.

Kwanza, nafasi. Kama kijitabu cha mtengenezaji hakielezi vingine, acheni sentimita 30 nyuma na ubavuni, na mita moja au zaidi mbele, upande ambao feni hutoa hewa. Wezi wazuiwe kwa wavu wenye matundu makubwa na mlango wa kufuli. Kipaa cha kukinga jua na vitu viangukavyo ni chema, mradi kiwe juu vya kutosha na hewa ya moto ipate njia ya kutoka. Turubai na nailoni visifunikwe kamwe juu ya mashine inayofanya kazi. Tena isigeuzwe kamba ya kuanikia magunia wala mahali pa kuegeshea ndoo.

Pili, msingi. Mashine ikae juu ya zege lililoinuka sentimita 15 au zaidi, ili maji ya masika yasiifikie na tope lisiirukie. Maji ya kuoshea tangi yachimbiwe mfereji wa kuyapeleka mbali, kwani mabaki ya maziwa huchachuka na kula chuma.

Tatu, miti. Chini ya mnazi si mahali pake; nazi moja yatosha kuvunja feni. Penye msufi, sufi hupeperuka wakati wa kiangazi na kuganda kwenye vibati kama blanketi. Kule milimani Usambara ni majani makavu. Takataka hizi ziondolewe kila juma kwa brashi laini.

Nne, chumvi. Vyama vilivyo karibu na bahari vijue kwamba upepo huleta chumvi, nayo huila alumini hasa pale inapogusana na shaba. Dawa yake ni kuiosha mashine kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mara moja kwa mwezi au zaidi. Umeme uzimwe kwanza kwenye swichi kuu. Maji yamwagwe taratibu; mpira wenye kasi kubwa hupinda vibati na kuziba njia ya hewa.

Tano, wadudu na wanyama. Panya hutafuna waya, mijusi huingia kwenye kisanduku cha umeme na kusababisha shoti, na nyigu hujenga humo. Matundu ya kisanduku yazibwe, lakini kazi hiyo aachiwe fundi. Sponji iliyozunguka bomba ikichakaa kwa jua, na ifungwe upya.

Ndugu makatibu, yote hayo hayagharimu fedha nyingi. Yanahitaji mtu anayewajibika. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila chama kimteue mtumishi mmoja kwa jina, na kiwe na daftari la mashine lenye tarehe ya kusafishwa, tarehe ya fundi kufika, kilichotengenezwa, na saa ambazo mashine ilijizima. Fedha za matengenezo ziingizwe katika makisio ya kila mwaka. Daftari kama hilo lingemwokoa yule mpokea maziwa, kwa sababu lingeonyesha kwamba mashine hujizima saa za jua kali tu, awepo yeye au asiwepo.

Nitakapofika katika vyama vyenu, baada ya kitabu cha fedha nitaomba daftari hilo, kisha tutakwenda pamoja nyuma ya jengo.