Masikio yanapofanya kazi ya macho

Leo naanza na kisa cha aibu yangu mwenyewe. Siku moja nilimkuta mzee asiyeona amesimama ukingoni mwa barabara, fimbo nyeupe mkononi, huku akipiga kidoko, yaani ule mlio wa ulimi unapobanduka kwenye kaakaa. Nikamwonea huruma. Bila kuuliza nikamshika mkono, nikamvusha hadi ng'ambo. Tulipofika akaniambia kwa upole: "Ahsante mwanangu, lakini mimi sikuwa navuka. Nilikuwa nausikiliza ukuta wa lile duka, nijue mlango uko wapi."

Kusikiliza ukuta! Nilimrudisha nilikomtoa, nikaenda zangu, lakini maneno yale hayakunitoka.

Ukuta hausemi, ila hurudisha sauti. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Ukipiga kidoko mbele ya ukuta ulio umbali wa mita 1.7, mwangwi unakurudia baada ya sehemu moja tu ya mia ya sekunde. Ukuta wa saruji hurudisha mlio mkali, pazia huumeza, majani ya mti huutawanya, na mlango ulio wazi haurudishi kitu. Aliyezoea huzijua tofauti hizo kama wewe unavyozijua rangi. Popo naye huruka gizani kwa njia hiyohiyo.

Zamani hata wasioona wengi hawakujua wanatumia nini. Walisema wanahisi kitu usoni, kwenye ngozi, wanapokaribia kizuizi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walilichunguza jambo hilo na kutangaza matokeo mwaka 1944. Waliwafunika watu uso kwa kitambaa kizito, masikio yakiachwa yasikie. Watu hao waliendelea kuutambua ukuta kabla ya kuufikia. Walipozibwa masikio, waliugonga. Walikuwamo pia wenye macho mazima waliofungwa vitambaa, na hao nao walijifunza.

Jaribu mwenyewe jioni hii. Fumba macho, toa sauti ya "shhh" mfululizo, kisha mwombe mtu akusogezee sinia mbele ya uso na kuliondoa. Utasikia sauti yako ikibadilika.

Yuko Mmarekani mmoja, Daniel Kish, aliyezaliwa mwaka 1966. Saratani ya macho ilimfanya aondolewe macho yote mawili kabla hajatimiza miezi 14. Tangu utotoni alipiga vidoko, na wazazi wake hawakumkataza. Walimwacha acheze, apande miti, aumie kama watoto wengine. Akajifunza hata kuendesha baiskeli, na ukubwani akawa mwalimu wa wenzake wasioona.

Mwaka 2011 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa ubongo wa wasioona wawili mabingwa wa ufundi huu. Waliposikia mwangwi, ile sehemu ya ubongo ambayo kwa mwenye macho hushughulikia kuona ndiyo iliyoamka. Na mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, kilitoa matokeo ya mafunzo ya wiki 10 waliyopewa watu 26, wa umri wa miaka 21 hadi 79. Kati yao 12 walikuwa hawaoni. Wazee nao walijifunza. Miezi mitatu baadaye, 10 kati ya wale 12 walisema sasa wanajitegemea zaidi.

Sasa tujiulize sisi. Mtoto asiyeona akipiga ulimi ndani ya nyumba, tunamwambiaje? "Acha, hiyo si adabu!" Maana kwetu ukimpigia mtu kidoko ataona umemdharau. Kumbe mtoto anaitazama nyumba yake, na sisi tunamfumba kwa mara ya pili. Halafu tunamkalisha pembeni asije akajikwaa, mpaka anakua mtu mzima asiyejua njia ya kwenda dukani.

Na mjini je? Spika inayonguruma mlangoni mwa duka kwako ni biashara, lakini kwa anayetembea kwa masikio ni ukungu mzito. Tena mwangwi una mipaka yake. Haumwonyeshi mtu mtaro usio na mfuniko ulio miguuni pake. Hapo fimbo ndiyo mlinzi wake, na ndiyo sababu walimu wa ufundi huu hawamwambii mtu aitupe fimbo. Gari lililoegeshwa njia ya waendao kwa miguu humsukuma barabarani, hata awe bingwa namna gani.

Sisemi tuache kusaidia. Wahenga walisema kutoa ni moyo. Lakini msaada nao una adabu yake. Ukimkuta asiyeona njiani, msalimie kwanza, umuulize: "Nikusaidie?" Akikubali, mpe mkono wako aushike yeye. Akikataa, mwache na njia yake, maana huenda anaijua kuliko wewe.

Yule mzee sikupata kumwona tena. Ningemwona, ningemwamkia, kisha ningekaa kimya kidogo ili ausikie ukuta wake.