Kuvuka Barabara ya Lami: Je, Dawa ni Daraja la Miguu?

(Maneno tuliyoyasema mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya upande wa Kitale na Bungoma)

Tuliombwa tuzungumze juu ya barabara, na tutafika huko, lakini tuanzie mtoni.

Madaraja ya miguu sisi tunayajua. Kuna vikundi hapa ndani vilivyokata magogo, vikachanga pesa ya waya na misumari, vikaweka daraja juu ya kijito ili watoto wafike shuleni wakati wa mvua. Hakuna aliyefundishwa kulitumia. Siku ya kwanza walipita watoto, siku ya pili akina mama na magunia, siku ya tatu ng'ombe, ingawa tulikuwa tumekataza ng'ombe. Mtoni daraja ndiyo njia iliyo fupi kuliko zote. Ukilikataa, unazunguka mpaka kwenye kivuko cha mbali au unalowa.

Barabara ya lami nayo ni kama mto, ila mto wa namna nyingine. Macho yanaona ng'ambo, miguu inasema ni hatua kumi tu, na daraja linakuambia panda juu kwanza. Hapo ndipo shida inapoanzia.

Tuwaambie jambo lililotupata. Mama mmoja wa kikundi chetu, muuza ndizi, aligongwa na gari jioni akivuka kutoka steji kwenda upande wa soko. Hakufa, lakini mguu wake haujarudi kuwa mguu wa kubebea mzigo, na akiba yetu ya mzunguko iliishia hospitali. Katika mkutano uliofuata kila mtu alisema neno moja: tuletewe daraja. Tukaandika barua, tukapiga sahihi. Kabla haijatumwa, mzee mmoja akauliza, "Huyu mama, kama daraja lingekuwako jioni ile, angelipanda na mkungu kichwani?" Tukanyamaza. Mama mwenyewe alikuwapo, amekaa karibu na mlango. Akasema, "Mimi? Nisingepanda." Barua ile hatukuituma. Tulikwenda kwanza kuuliza na kupima, na hayo tuliyoyapata ndiyo tunayowaletea leo.

Wengi wenu mna watoto Nairobi, kwa hiyo mmeiona barabara kuu ya Thika. Ni kama kilomita 50, na ilifunguliwa rasmi na Rais Kibaki Novemba 2012. Mahali pengine ina njia nne kila upande, bila kuhesabu zile za pembeni. Barabara kama hiyo huwezi kuivuka kwa miguu, na asiyekubali aende Githurai akajaribu. Lakini magari yalianza kukimbia kabla madaraja yote ya miguu hayajakamilika. Watu walikuwa na kazi upande wa pili, hawakungoja. Wengi walikufa pale, na ikabidi matuta yawekwe kwenye barabara iliyojengwa kwa ajili ya mwendo wa kasi. Madaraja yalipokwisha kujengwa bado kuna waliopita chini, wakaruka vyuma vya katikati, na zaidi ya mara moja askari walikuja kuwakamata.

Ni rahisi kusema hao ni wakaidi. Nasi tulisema hivyo, mpaka tulipokaa na kalamu. Lori refu lazima lipite chini ya daraja bila kugusa, kwa hiyo sakafu ya daraja huwa juu kama mita 6. Ngazi moja ina kimo cha kama sentimita 15. Gawanya: ngazi 40 kupanda, na 40 kushuka. Sasa mfikirie nyanya mwenye magoti mabaya, au mama mwenye mtoto mgongoni na debe kichwani. Na mtu wa kiti cha magurudumu je? Huyo hana ngazi hata moja. Yeye anahitaji njia ya mteremko, na mteremko ambao mtu anaweza kujisukuma mwenyewe hupanda mita 1 kwa kila mita 12 za urefu. Kwa mita 6 hiyo ni mita 72 za kupanda na 72 za kushuka, ili kuvuka barabara yenye upana wa mita 7. Mkokoteni nao ni hivyo hivyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali pote bila kuzuiliwa isivyostahili. Daraja la ngazi tupu linamwacha chini.

Tena tusisahau usiku. Daraja lisilo na taa, lenye mabati ya matangazo yaliyoziba pande zote, ni mahali pa kunyang'anywa mkoba. Mwanamke akiona hivyo atachagua magari.

Sasa turudi kwetu. Barabara inayotoka Mombasa kupitia Nairobi na Eldoret inapita Webuye na Kanduyi kwenda Malaba, na malori ya Uganda hayalali. Nyingine inatoka Webuye, inapita Misikhu, Kamukuywa na Kiminini mpaka Kitale, halafu inaendelea Lodwar. Hizi zote zinapita katikati ya masoko yetu. Au tuseme ukweli, masoko ndiyo yaliyofuata barabara, nasi ndio tuliopanga vibanda ukingoni kabisa mwa lami. Na pale Bungoma mjini, barabara ya Kanduyi hadi Musikoma, kama kilomita 6.5, ilipanuliwa na serikali ya kaunti ikawa ya njia mbili kwenda na mbili kurudi. Ni kazi nzuri, vumbi limepungua. Lakini barabara ikipanuka, anayevuka kwa miguu anakaa muda mrefu zaidi mbele ya magari.

Hebu tuupime huo muda. Mtu mzima mwenye afya hutembea kama mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo lami ya mita 7 humchukua sekunde 6. Lori la kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kwa sekunde moja. Katika sekunde zake 6 lori limekula zaidi ya mita 130. Kiwanja cha mpira ni kama mita 100. Maana yake, ukiona lori liko goli la pili, usivuke, limekwisha kufika! Nyanya anayehitaji sekunde 10 anataka lori liwe mbali viwanja viwili na zaidi. Je, pale steji yenu mnaona mita 220 kila upande? Kwenye kona, kwenye kilima, au pale matatu tatu zimeegeshwa zimeziba macho?

Lori hilo hilo likienda kilomita 50 kwa saa, nyanya anahitaji mita 140. Likienda 30, anahitaji kama 83. Na hata likimgonga kwa mwendo wa 30, nafasi ya kupona ni kubwa. Kwa 60 au 70, wengi hawaponi. Ndiyo sababu tunasema jambo la kwanza ni mwendo, halafu daraja. Tena sheria iko tayari. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 42, inasema gari lisipite kilomita 50 kwa saa ndani ya mji, manispaa au kituo cha biashara. Kituo cha biashara, mmesikia? Kiminini imo. Kamukuywa imo. Inayokosekana ni kitu cha kumfanya dereva aitii wakati askari hayupo, na kitu hicho ni tuta.

Matuta yenyewe yawe ya kupimwa, yapakwe rangi, yawe na kibao kabla ya kufika. Tunajua vijana wengine humwaga mawe na udongo barabarani usiku baada ya ajali. Uchungu wao tunauelewa, lakini mwenye boda boda asiyeliona tuta lile gizani naye ni mtoto wa mtu.

Pale ambapo barabara ni ya njia mbili kila upande, tuombe kisiwa cha katikati, mahali palipoinuka pa kusimama. Hapo mtu anavuka nusu, anapumua, anatazama upande mmoja tu, anavuka nusu ya pili. Ni saruji kidogo ukilinganisha na chuma cha daraja. Na steji isogezwe. Mara nyingi watu huvuka pale kwa sababu matatu imewashusha pale, si kwa sababu wanapapenda.

Hatusemi daraja halifai. Pale ambapo magari hayawezi kupunguzwa mwendo na njia ni nyingi, daraja ndilo, na lazima lije pamoja na barabara, lisije baada ya mazishi. Lakini liwekwe mahali watu wanapopita tayari, steji iwe miguuni pake, liwe na mteremko na taa. Mhandisi mwenye ramani tu hapajui mahali hapo. Muuza ndizi anapajua.

Na huyo mhandisi tumwandikie wa wapi? Hapa wengi hupoteza miezi. Barabara kuu za taifa ziko chini ya KeNHA, nyingine za taifa ziko kwa KURA na KeRRA, mamlaka tatu zilizoundwa na Sheria ya Barabara ya 2007. Barabara za kaunti ziko kwa kaunti. Ukipeleka ya Webuye kwa gavana, atakuambia si yake, na hatakuwa amekudanganya. Kabla ya kudai, ombeni kuona mpango wa barabara. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa ofisa siku 21 za kujibu, na jambo likihusu uhai wa mtu ni saa 48. Kuvuka barabara ni uhai, andikeni hivyo wazi kwenye barua. Kwa barabara ya kaunti, mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya Septemba mosi. Ukienda Oktoba na barua yako nzuri, umekuja sherehe imekwisha.

Wako wanaosema wananchi wa kawaida hawawezi kukaa meza moja na wapangaji wa mji. Kitale tayari walikaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakazi wa Kipsongo, Shimo la Tewa na Tuwan walipanga pamoja na manispaa na shirika la ITDG, lililoitwa baadaye Practical Action, ni nini kitangulie katika mitaa yao.

Basi, kazi tunayowapa ni hii. Kila kikundi kichague mahali pamoja, pale mnapoogopa kuliko pote. Watu wawili wakae na daftari, siku ya soko na siku isiyo ya soko, saa moja asubuhi mpaka saa tatu, na tena saa kumi mpaka saa moja jioni. Wahesabu wanaovuka: watoto wa shule peke yao, wazee peke yao, wenye mizigo peke yao, wenye mikokoteni na baiskeli peke yao. Waandike kila mmoja amevukia wapi hasa, kwenye mti ule au kwenye duka lile. Wapime upana wa lami kwa kamba. Wauguzi na chifu waulizwe ajali za mwaka mzima, bila majina. Sisi tulipohesabu kwetu tuligundua kwamba watu wetu wengi hawavukii kwenye steji tuliyotaka iwekewe daraja, bali mbele kidogo, kwenye mfereji wa kisima, na wengi wao ni watoto.

Leteni daftari hizo mkutano ujao. Barua yetu mpya tutaiandika hapa hapa pamoja nanyi, na yule mama wa ndizi amekubali kuwa wa kwanza kupiga sahihi.