Saa 48, si zaidi



Kijana amekamatwa jioni na polisi. Mama yake anakimbia huku na huku kutafuta pesa ya kumtoa kasho. Mama, ngoja kwanza. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 18, inasema: anayekamatwa aambiwe mara moja sababu, kwa lugha anayoifahamu, awasiliane na jamaa yake, asishikwe na polisi kupita saa 48. Zikiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya sheria.

Basi kiongozi, andika siku na saa aliyokamatwa. Nendeni wawili au watatu kwa mkubwa wa kituo, mumuulize kwa heshima.

Na wewe polisi unayetusikiliza, usiseme tu: "Nimeamriwa." Kifungu cha 28 kinasema hakuna anayelazimika kutimiza amri iliyo wazi kwamba inavunja sheria. Ukimtendea haki mtoto wa mama huyu, kesho hatakukimbia. Atakuletea habari za wezi. Hapo ndipo amani inaanzia.