Wazazi na Watoto Chini ya Turubai

(Maneno ya mzee wa kanisa siku ya ukumbusho wa kuvuka mpaka wa Malaba)



Kamati imeniagiza niseme juu ya wazazi na watoto katika nyumba ya Kikristo. Sitasema juu ya nyumba zenye sebule na makochi. Nitasema juu ya zetu.

Uchaguzi wa Kenya ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakatangazwa tarehe 30, fujo zikaanza. Januari 2008 maelfu walivuka Malaba na Busia, wengine na godoro kichwani, wengine na mtoto mgongoni basi. Tulilala katika shule ya msingi ya St. Jude pale Malaba, tukapelekwa Mulanda, wilaya ya Tororo, na mwaka huo huo wengi tukaletwa Kiryandongo. Hayo yameandikwa. Yasiyoandikwa ni yaliyotokea kati ya baba na mwanawe ndani ya hema.

Baba alizoea kulisha nyumba yake. Sasa unga ulishuka kutoka kwenye lori, naye akapanga foleni pamoja na watoto. Wengi walinyamaza, na kule kunyamaza kukageuka ukali. Mtoto akapigwa kwa sababu ya uji uliomwagika, kumbe hasira haikuwa ya uji.

Halafu lugha. Watoto walizishika lugha za wenyeji upesi kuliko sisi, ikawa mtoto ndiye mkalimani wa nyumba. Mama anaeleza ugonjwa wake wa siri kwa kinywa cha binti wa miaka kumi! Ndugu zetu wa mashirika, hili mlishike: pale zahanati tafuteni mkalimani mtu mzima. Mnamvunjia mama heshima, na binti mnambebesha mzigo usio wake.

Mtume Paulo, katika Waefeso sura ya 6, anaanza kwa kuwataka watoto wawatii wazazi. Hapo akina baba hupenda kufunga kitabu. Lakini mstari wa nne unatugeukia sisi: tusiwachochee watoto hasira. Kwa Wakolosai anatoa na sababu, kwamba mtoto anayesumbuliwa kila siku huishiwa moyo. Tumewaona vijana wa namna hiyo, wameketi tu kutwa nzima.

Jambo linalonisumbua zaidi ni swali ambalo kila mtoto huuliza siku moja: nani alichoma nyumba yetu? Ukimjibu kwa kutaja kabila zima, umemwachia urithi, na urithi huo hauozi. Wala sisemi tufiche. Kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa tarehe 1 Januari 2008 watu wakiwamo ndani, wengi wao akina mama na watoto. Hatuwezi kuwaambia watoto kwamba halikutokea. Lakini waliowasha ule moto nao walilelewa na watu, na maneno waliyokuwa wakiyasikia jioni kando ya jiko hatuyajui. Ya kwetu tunayajua. Basi mtoto aambiwe kweli yote, pamoja na habari za majirani wa kabila lile lile waliowaficha watu na kuwaonyesha njia usiku.

Yusufu naye alitoka usiku na mtoto, akakimbilia Misri. Hata aliporudi aliogopa kukaa Yudea kwa sababu ya Arkelao, akahamia Nazareti. Na huko ugenini na huko Nazareti aliendelea kuwa baba. Watu walikuja kumjua Yesu kwa kazi ya useremala, na mtoto hujifunza kazi kwa kuwa karibu na mtu mzima anayeifanya. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Baba mwenye jembe au cherehani amwite mwanawe, amwonyeshe. Hilo halingoji mgao.

Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa ni vijana wakubwa. Wameomba wenyewe kusikia habari za safari, na Kamati imekubali: kuanzia Jumamosi hii, saa kumi jioni, wazee wawili watakaa nao hapa kanisani. Wazazi mnakaribishwa, ila mketi nyuma, na msiwaulizie maswali yao.